Kichwa maji, kichwa kikubwa

Mzazi akitoka Makongolosi na mtoto mgongoni, safari ya kutafuta jibu ni kilomita 39 hadi Chunya, kisha 72 za milima mpaka Mbeya mjini. Njiani ugonjwa hubadilika jina. Nyumbani bibi alisema mtoto ana kichwa maji. Zahanati wakaandika kichwa kikubwa. Hospitali ya rufaa daktari anamtajia mwenzake hidrosefalasi, na mama anadhani mwanawe kapata ugonjwa wa tatu.

Ni ugonjwa mmoja. Tena ukilipasua neno hilo la Kigiriki, hidro ni maji na kefale ni kichwa: bibi alikwisha kutafsiri kabla daktari hajafungua mdomo. Lakini mtaani kichwa maji ni tusi la mtu asiye na akili. Mwandishi Kezilahabi aliliunganisha neno likawa jina la riwaya yake ya mwaka 1974, Kichwamaji, ambamo mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa. Hakuna mama anayetaka kadi ya mwanawe isomeke kama matusi, nami simlaumu. Ndipo likashika "vichwa vikubwa na mgongo wazi", jina linalosikika sana MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili.

Jina hilo lina heshima, ila limeyamwaga maji. Limebaki na dalili, tena dalili isiyo na haraka. Mzazi anasubiri kichwa kikue ndipo ashtuke, na majirani wanamtuliza kwamba mtoto kafuata kichwa cha babu yake. Kumbe utosi umeshatuna, mtoto anatapika, macho yameelekea chini kama jua linalozama. Na yule mkubwa ambaye mifupa ya fuvu imeshaungana? Anaweza kuugua kichwa kikabaki vilevile. Huyo tumwiteje?

Maji yenyewe si uchafu. Wataalamu huyaita ugiligili, na mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, ingawa kwa wakati mmoja huwa nayo kama mililita 150 tu; mengine hunyonywa kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, kwa kasoro ya kuzaliwa nayo au makovu ya homa ya uti wa mgongo, vyumba vya ndani ya ubongo hujaa na kuukandamiza ubongo kwenye fuvu.

Baba mchimbaji hahitaji mchoro hapa. Duara, yaani shimo la machimbo, likijaa maji, unashusha mpira. Shanti, mrija wa kuyaondoa maji kichwani, nayo watu huiita mpira, na wamepatia: hupita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, maji yakanyonywa huko. Hauna pampu, una vali inayofunguka shinikizo likipanda. Na kama mpira wa duarani, huziba. Mtoto aliyewekewa akianza kutapika na kusinzia ovyo, arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Maneno mepesi kuyasema ukiwa hukai Makongolosi. Huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf alianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwatoboia watoto njia mpya ndani ya ubongo kwa endoskopu, wengine wakarudi kwao bila mpira wowote. Aligundua pia kwamba wengi hawakuzaliwa hivyo. Waliugua baada ya maambukizi ya uchangani. Mama anayejiuliza alikosea nini wakati wa ujauzito anastahili kuambiwa hilo mapema kuliko bei ya kitanda.

Mimi ningeandika kwenye kadi: maji kichwani. Wapo wanaosema hivyo tayari. Ni maneno yaleyale ya bibi, yamegeuzwa tu. Kichwa maji ndivyo mtu alivyo, maji kichwani ndicho alichonacho. Na muuguzi akiyasoma, atachukua futi kamba, azungushe kichwa cha mtoto, kisha alinganishe na kipimo cha mwezi uliopita.