Usubi (Simuliidae)

Usubi wa familia Simuliidae ni nzi wadogo, wengi wao weusi, wenye kibyongo, miguu mifupi na mabawa mapana. Kwa kawaida urefu wao ni milimita 2 hadi 5, na spishi zinazojulikana zinazidi 2,000. Mbu wengi huzaliana katika maji yaliyotuama. Usubi, kinyume chao, hutaka maji yanayokwenda.

Jike hutaga mayai kwenye mawe, majani na vijiti vya mtoni. Buu hujishikiza kwa nyuzi za hariri na vikulabu vya mwisho wa tumbo, kisha hutandaza pepeo mbili za kichwani na kuchuja chembe za chakula zinazoletwa na mkondo. Akishakua hujisokotea kifuko na kuwa pupa. Mdudu kamili huibuka juu ndani ya povu la hewa, akaruka.

Simulium neavei wa Afrika Mashariki amechagua jukwaa jingine: mabuu yake hudandia kaa wa mtoni. Watafiti waliyakosa mpaka wenzao wawili, van Someren na McMahon, walipotangaza ugunduzi huo mwaka 1950.

Dume hula nekta tu. Jike wa spishi nyingi huhitaji pia damu ili mayai yakomae. Hukata ngozi kwa taya zenye meno na kunywa damu inayojikusanya kwenye jeraha. Huuma mchana, nje ya nyumba, kwa hiyo chandarua cha kitandani hakimzuii. Mwaka 1923, makundi ya usubi yaliua maelfu ya mifugo kando ya mto Danube, Ulaya.

Barani Afrika, Simulium damnosum na ndugu zake hueneza mnyoo Onchocerca volvulus, chanzo cha ugonjwa wa usubi, au upofu wa mtoni. Minyoo michanga husambaa ngozini na machoni, ikaleta muwasho mkali, makunyanzi na hatimaye upofu. Nchini Tanzania, Mahenge na Tukuyu ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana kwa ugonjwa huu.

Kwa kuwa mabuu hayahami mtoni, vita vilianzia huko. Kenya ilitia kiuadudu cha DDT katika mito ya Nyanza. Afrika Magharibi, kuanzia 1974 hadi 2002, helikopta zilimwaga viuabuu mitoni. Tangu 1987, kampuni ya Merck hutoa bure dawa ya ivermectin. Dawa hiyo huua minyoo michanga lakini haimalizi ile mikubwa, inayoishi zaidi ya miaka kumi, ndiyo maana humezwa kila mwaka. Januari 2025, Niger ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuutokomeza ugonjwa huo.