Tirana: Ukumbi Uliotangulia Hukumu

Alfajiri ya Mei 17, 2020, wakati Albania ingali chini ya masharti ya korona, polisi waliingia katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo mjini Tirana na kuwatoa wasanii na wanaharakati waliokuwa wakiulinda. Tingatinga zikaanza kazi papo hapo. Siku tatu kabla yake, baraza la madiwani lilikuwa limepiga kura ubomolewe.

Haukuwa jengo la fahari. Ulichorwa na Mwitaliano Giulio Bertè na kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, Italia ya Mussolini ilipokuwa ikiinyemelea Albania. Mwaka 1945 wakomunisti waliugeuza mahakama maalumu, wakawahukumu humo wanasiasa wa utawala uliopita, wengine adhabu ya kifo. Baadaye ndipo ukawa nyumba ya waigizaji.

Ugomvi ulikuwa juu ya kuta. Zilijengwa kwa populiti, yaani nyuzi za mbao zilizoshindiliwa pamoja na saruji. Meya Erion Veliaj na Waziri Mkuu Edi Rama walisema jengo limechakaa, halifai kukarabatiwa. Watetezi wakajibu kwamba kuta hizo hizo ndizo thamani yake, kumbukumbu ya majaribio ya ujenzi ya zama zile. Na ni kweli kwamba nyumba ikinyimwa fundi kwa miaka mingi, haikosi kuchakaa. Machi 2020 shirika la Europa Nostra liliuweka kati ya turathi saba za Ulaya zilizo hatarini zaidi.

Ajabu ni kwamba Rama mwenyewe ni mchoraji. Alipokuwa meya wa Tirana alisifika kwa kuyapaka rangi kali majengo ya kijivu ya enzi ya ukomunisti. Safari hii alitaka ukumbi mpya, uliochorwa na ofisi ya Bjarke Ingels wa Denmark. Sheria maalumu ya 2018 ikafungua njia ya ubia: kampuni binafsi ijenge ukumbi, nayo ipate sehemu ya kiwanja cha umma ijenge maghorofa.

Rais Ilir Meta aliipeleka sheria hiyo Mahakama ya Katiba. Kesi haikusonga. Mchujo wa majaji nchini ulikuwa umeiacha mahakama bila akidi, na wabomoaji hawakungoja ijazwe.

Majaji walipopatikana, kesi ikasikilizwa. Julai 2021 waliamua kwamba sheria ile ilikiuka katiba.