Herufi Tatu za Teletype

Teletype Model 33 ilikuwa na kelele za kiwanda kidogo. Mota ilinguruma muda wote, karatasi ilitoka kwenye bunda lake, na kichwa cha kuchapia kiligonga herufi 10 kwa sekunde, herufi kubwa tupu. Mstari ulipojaa, mashine ilihitaji kutumiwa alama mbili: ya kwanza kukirudisha kichwa upande wa kushoto, ya pili kuisogeza karatasi juu. Kichwa kilikuwa chuma, na chuma hakirudi kwa kufumba na kufumbua. Herufi iliyowahi kufika kabla hakijatulia ilichapwa njiani, popote ilipokikuta.

Kampuni ya Teletype ya Illinois, Marekani, ilianza kuiuza mashine hiyo mwaka 1963. Ilitoka katika ukoo wa mitambo ya kupeleka maandishi kwa waya. Aliyefanya kazi ofisini Dar es Salaam au Nairobi miaka ya 70 na 80 anaujua ukoo huo kwa jina la teleksi: namba yake ilichapwa juu ya barua za kampuni, karibu na sanduku la posta. Kwa wanakompyuta, Model 33 ilikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni bei nafuu.

Ndiyo maana inaonekana kwenye picha maarufu ya mwaka 1972 hivi, iliyopigwa Bell Labs, Murray Hill, New Jersey. Ken Thompson ameketi mbele ya Teletype, Dennis Ritchie amesimama kando yake, na nyuma yao ipo kompyuta ya PDP-11 wanayoiendeshea Unix, mfumo walioanza kuuunda mwaka 1969. Katika Unix kila kifaa kilipewa jina kama faili. Mashine hii iliitwa tty, kifupi cha teletype, na jina hilo halijafutwa hadi leo.

Kazi ya kuongoza mashine hizo ilikuwa ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na ilikuwa kazi ya karani hasa. Chukua amri ya `ls`, inayoorodhesha mafaili. Mtu alipobonyeza l, kibodi haikuichapa herufi hiyo kwenye karatasi. Iliituma kwa waya hadi kwenye kompyuta. Kerneli ikaipokea, ikaiweka kwenye foleni, kisha ikairudisha kwa waya ndipo ikachapwa. Kila herufi aliyoiona mtumiaji ilikuwa imekwenda na kurudi. Hata nenosiri linapofichwa leo, njia ni hiyohiyo: kerneli imeambiwa isirudishe kitu.

Ugumu ulikuja mtu alipokosea, maana wino ukishagusa karatasi haufutiki. Unix ikatenga alama ya # kufuta herufi iliyotangulia na @ kutupa mstari mzima. Aliyepiga lx badala ya ls aliendelea kuandika #s. Karatasini ilisomeka lx#s, kosa na masahihisho yake pamoja, lakini programu haikuyajua hayo. Kerneli iliushikilia mstari mpaka mtu amalize, ikausafisha, ikaikabidhi programu `ls` peke yake. Wahandisi waliupa utaratibu huu jina la jikoni: mstari uliosafishwa umepikwa, na programu inayotaka kila herufi papo hapo, makosa na yote, hupewa mbichi. Baadaye, anwani za barua pepe zenye @ zilipoenea, ilibidi alama hiyo itanguliwe na mkwaju wa nyuma, la sivyo mstari wote ulipotea.

Karani huyu alijua pia udhaifu wa kila mashine. Toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, lina mistari ya programu inayokadiria kichwa cha Teletype Model 37 kimefika safu ya ngapi, kisha inapanga muda wa kusubiri kulingana na umbali wa kurudi. Na aliyeingia kwa kuandika jina lake kwa herufi kubwa tupu alihesabiwa kuwa anatumia mashine isiyo na herufi ndogo. Kuanzia hapo kerneli ilimtafsiria kila neno.

Kioo kilichukua nafasi ya karatasi. Mwaka 1978 kampuni ya Digital ilitoa terminali ya VT100, yaani kibodi na skrini ya safu 80 kwa mistari 24, iliyoweza kufuta na kuruka kutoka kona hadi kona. Wengi enzi hizo waliifikia kompyuta kwa simu, hivyo kerneli ilikuwa imejifunza jambo jingine: laini ikikatika, programu zote za mtu huyo zinatumiwa ishara iitwayo SIGHUP, ya kuwa mkonga wa simu umerudishwa mahali pake. Huko Laxenburg, Austria, katika taasisi ya utafiti ya IIASA, Jim Kulp akabuni njia ya kusimamisha programu kwa Ctrl na Z na kuirejea baadaye.

Mageuzi makubwa zaidi yalionekana kwenye Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, toleo la 4.2 la mwaka 1983. Humo mlikuwa na terminali bandia: upande mmoja programu inaona tty ya kawaida, upande wa pili hakuna waya wala mashine, kuna programu nyingine tu inayojifanya mtu wa kwenye kibodi. Kila dirisha la amri kwenye kompyuta za Unix na Linux za leo, na kila anayeingia kwenye seva ya mbali kwa SSH, hupita kwenye kiinimacho hicho.

Mfumo endeshi wa Linux wenyewe ulizaliwa kutokana na terminali. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alikuwa anaandika programu ya terminali ili kompyuta yake mpya ya 386 iifikie ile ya chuo kwa modemu. Ilikuwa na michakato miwili: mmoja ulisoma kibodi na kutuma kwenye modemu, mwingine ulisoma modemu na kuandika kwenye skrini. Alipotaka kuhifadhi mafaili aliyoyavuta ikambidi aandike draiva ya diski, kisha mfumo wa mafaili, na terminali ikageuka kerneli.

Sehemu ya tty ndani ya kerneli hiyo ilizeeka vibaya. Kila mtu aliitegemea, na wachache walithubutu kuigusa. Mtunzaji wake, Alan Cox, alikaa miaka akiinyoosha, mpaka Julai 2009 alipobishana na Torvalds hadharani kuhusu marekebisho yaliyovuruga programu za watumiaji. Cox akaacha kuitunza, na Greg Kroah-Hartman akaipokea.

Mwenye Linux anaweza kumkagua karani huyu mwenyewe. Akifungua dirisha la amri na kuandika `stty -a`, kwa kawaida atajibiwa kwamba kasi ya waya ni baud 38400, ingawa hakuna waya wowote; kipimo hicho kimepewa jina la Émile Baudot, Mfaransa aliyesajili mtambo wake wa telegrafu mwaka 1874. Chini yake zinafuata alama za kufuta herufi, za kutupa mstari na za kusimamisha programu. Karibu na mwisho pana neno fupi, `cr0`. Huo ni muda ambao kichwa cha kuchapia kinapewa kurudi kushoto, nao umewekwa sifuri.