Mngurumo chini ya sauti: jinsi ya kuchagua kishikio cha maiki katika studio ya nyumbani

Msikilizaji, huenda umewahi kuligundua jambo hili bila kujua chanzo chake. Tangazo la mbegu au la chanjo linasomwa redioni, msomaji ana sauti nzuri, maneno yanasikika, lakini kila baada ya muda sauti inazama kidogo kisha inarudi, kana kwamba msomaji anavutwa nyuma na kurudishwa. Ukilisikiliza tangazo hilohilo kwenye spika kubwa, unasikia chini ya maneno kuna mngurumo: du, du, du. Redio yako inaweza kuwa nzima kabisa. Inawezekana ni mtikisiko uliopanda kutoka sakafuni, ukapita kwenye stendi, ukaingia kwenye maiki.

Siku hizi sauti nyingi za namna hiyo hurekodiwa nje ya majengo ya vituo vya redio. Hurekodiwa vyumbani: chumba kimoja cha nyumba ya kupanga Mbagala, Tandika au Chamazi upande wa Temeke, au Mwananyamala, Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni. Kuna maiki moja, kompyuta ya mapajani, mablanketi ukutani na mlango uliozibwa kwa godoro. Humo hutoka matangazo, masimulizi ya vitabu na sauti za filamu. Kazi ya kuzipa filamu za nje sauti ya Kiswahili si ngeni Dar es Salaam. Wasimulizi kama Lufufu walijulikana kwayo tangu enzi za kanda za video. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou ikiwa kwa Kiswahili, na baadaye Azam TV ikaonyesha Sultan ya Kituruki, nayo kwa Kiswahili. Vijana wengi waliosikia hayo wakasema na wao wanaweza.

Tatizo ni kwamba mteja akisikia mngurumo hurudisha faili. Anayelipwa kwa kila tangazo hurudia kazi bure, na mara nyingi hurudia usiku wa manane, wakati malori yamepungua. Ndiyo maana suala la kishikio cha maiki, kitu ambacho mtu hununua mwisho kwa chenji iliyobaki, linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kelele hupita njia mbili

Njia ya kwanza ni hewa. Muziki wa baa ya jirani, honi ya daladala, mvua juu ya bati na jogoo huja kwa hewa na kugonga kiwambo cha maiki kama inavyofanya sauti yako. Kishikio hakizuii hata kidogo kelele hizo, hata kiwe cha bei gani. Dawa yake ni kuta, mablanketi, mlango unaofunga vizuri, na kusogea karibu na maiki.

Njia ya pili ni vitu vigumu. Lori la saruji likipita karibu na Wazo, au lori la kontena kwenye Barabara ya Mandela kuelekea bandarini, ardhi hutikisika. Mtikisiko huo huingia kwenye msingi, ukapanda kwenye zege, miguu ya stendi, na hatimaye maiki yenyewe. Vivyo hivyo jenereta iliyowekwa barazani, mtu anayetwanga kwenye kinu ghorofa ya juu, mtoto anayekimbia koridoni, au kisigino chako mwenyewe unapogeuza ukurasa. Hapa ndipo kishikio kinapofanya kazi.

Ukikosea njia, utatupa fedha. Kabla ya kwenda Kariakoo fanya jaribio hili. Rekodi nusu dakika bila kusema kitu, maiki ikiwa kwenye stendi yako ya kawaida, na mwambie mtu atembee koridoni. Kisha iondoe maiki kwenye stendi, ining'inize palepale kwa kamba mbili laini kutoka kwenye boriti au dirisha, waya wake ukiwa umelegea, na rekodi tena nusu dakika mtu akitembea vilevile. Sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Kama mngurumo umepotea, ulikuwa unapanda kupitia stendi na kishikio kitakusaidia. Kama umebaki uleule, unakuja kwa hewa na kishikio hakitabadilisha kitu.

Shokapu ya maiki

Kishikio cha kawaida ni klipu ya plastiki ngumu: inaibana maiki, na kila kinachotikisa stendi kinaitikisa maiki. Kishikio cha kuzuia mtikisiko, ambacho wauzaji wengi hukiita shoki maunti, kina pete mbili. Pete ya nje imefungwa kwenye stendi, ya ndani inaibeba maiki, na katikati yake kuna lastiki zilizopishana. Aina nyingine zina vipande vya plastiki laini vilivyopinda badala ya lastiki. Kampuni ya Rycote ya Uingereza inajulikana kwa hizo, na faida yake ni kwamba hazilegei haraka kama mpira.

Anayeijua bodaboda anakielewa kifaa hiki tayari. Ni shokapu. Gurudumu linaruka kwenye shimo lakini abiria anaruka kidogo, kwa sababu springi imemeza mruko. Na kama ilivyo kwa bodaboda, shokapu lazima ilingane na mzigo. Shokapu ngumu chini ya mzigo mwepesi haimezi kitu. Shokapu laini chini ya magunia mawili ya mahindi hulala chini kabisa, na kila shimo linamfikia dereva mgongoni.

Uzito wa maiki, basi, ndio jambo la kwanza la kuangalia, kabla ya rangi na kabla ya bei. Maiki ya Shure SM58 ina uzito wa gramu 298. Ndugu yake SM7B, inayopendwa na wasomaji wa matangazo, ina gramu 766, zaidi ya mara mbili. Kishikio kimoja hakiwezi kuzifaa zote mbili. Maiki nyingi za bei nafuu za kundi la BM-800 huuzwa na kishikio chake ndani ya boksi. Kishikio hicho si kibaya kwa maiki hiyo, lakini mtu akibadilisha maiki na kubaki na kishikio kilekile, matatizo huanza.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama lastiki zinafaa. Pima kwa rula mahali pete ya ndani ilipo bila maiki, kisha weka maiki na upime imeshuka kiasi gani. Ikishuka milimita 1 tu, maiki na lastiki hizo zitacheza zenyewe karibu mara 16 kwa sekunde. Ikishuka milimita 5, zitacheza karibu mara 7. Ni makadirio, kwa kuwa mpira una tabia zake, lakini yanatosha. Kishikio huzuia tu mitikisiko iliyo na kasi zaidi ya ule mchezo wake wa asili, tena kuanzia karibu mara moja na nusu ya kasi hiyo. Kilichoshuka milimita 5 kitapunguza mtikisiko wa mara 20 kwa sekunde hadi karibu sehemu moja ya saba.

Kile kigumu, chenye mchezo wa mara 16 au 20, ni hadithi nyingine, na hapa wengi hushangaa. Mtikisiko wa lori ukiwa na kasi ileile ya mchezo wa lastiki, kishikio hakipunguzi. Kinaongeza, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kwa wakati wake. Mtu amenunua kifaa cha kuondoa mngurumo na mngurumo umekuwa mkubwa, naye anailaumu maiki.

Upande wa pili, pete ya ndani ikigusa ya nje, mchezo umekwisha: umerudi kwenye klipu ngumu. Iguse maiki kwa kidole. Inapaswa kuyumba taratibu pande zote na kutulia, bila kugonga kitu.

Mambo madogo yanayoharibu kazi

Waya ndio msaliti mkubwa. Mtu ananunua kishikio kizuri, kisha anauvuta waya ukaze na kuufunga kwenye stendi. Mtikisiko unaruka lastiki zote na kupanda kwenye waya. Acha kitanzi kilicholegea kati ya maiki na mahali pa kwanza unapoufunga waya.

Angalia pia nati. Stendi nyingi zina nati ya inchi 3/8 au 5/8, na kishikio kikiwa cha saizi nyingine unahitaji kiunganishi kidogo cha chuma. Kinunue siku hiyohiyo. Kukilazimisha huharibu nati, na kukifunga kwa gundi huwezi kukitoa tena.

Wapo wanaosema maiki za dainamiki kama SM58 hazihitaji kishikio. Sababu wanayoitoa si sahihi. Kiwambo cha maiki hizo kinabeba koili ya waya, hivyo ni kizito, na kitu kizito husumbuliwa zaidi na mtikisiko. Kinachoziokoa ni kwamba zilizotengenezwa vizuri, SM58 na SM7B zikiwemo, zina shokapu ndogo ndani ya mwili wake, na pia msomaji huzisogelea karibu sana. Maiki ya dainamiki ya kuigiza inaweza kufanana nazo kwa nje na isiwe na kitu hicho ndani.

Halafu kuna joto. Mpira hukauka na kupasuka, na jua la Dar es Salaam halina huruma. Lastiki zilizokuwa laini mwaka jana zinaweza kuwa ngumu sasa. Chunguza nyufa, na ukinunua kishikio omba seti ya lastiki za akiba.

Stendi, meza na godoro

Kwa maoni yetu, kijana mwenye fedha kidogo aanze na stendi ya sakafuni kabla ya mkono wa kubana mezani. Mkono wa mezani unapendeza kwenye picha, lakini unaiunganisha maiki na meza ambayo ina kompyuta yenye feni, viwiko vyako na karatasi zako. Springi zake nyingine hulia zenyewe ukizigusa. Stendi ya sakafuni isiyogusa meza huondoa yote hayo mara moja.

Miguu ya stendi iwekwe juu ya kapeti nene au vipande vya godoro la zamani. Njia bora zaidi ni kipande cha godoro chini, kibao au tofali pana la kutandazia njia juu yake, kisha stendi juu ya tofali. Uzito wa tofali juu ya ulaini wa godoro ni shokapu ya pili. Hakikisha tu stendi haiyumbi hadi kuanguka. Mfuko wa mchanga kwenye miguu husaidia.

Kishikio chenyewe kinaweza kutengenezwa. Kata pete ya bomba la plastiki la inchi 4, toboa matundu manane, pitisha lastiki ya fundi cherehani kwa kupishanisha ili katikati pabaki nafasi ya maiki, kisha rekebisha ukazo hadi maiki ishuke milimita 5 hivi. Haipendezi machoni. Lakini iliyokazwa kwa kipimo inaweza kuishinda ya dukani isiyolingana na uzito.

Kinachobaki baada ya hapo hukatwa kwa kitufe cha kuondoa sauti za chini, mara nyingi kwenye Hz 80. Sauti ya mwanaume huanzia karibu na hapo, ya mwanamke juu zaidi, hivyo maneno hayaathiriki sana. Usikitegemee peke yake. Mgongo wa stendi ukigongwa, sauti ya "du" huwa na sehemu za juu ambazo kitufe hakizifikii.

Hapa pia ndipo ilipo sababu ya sauti kuzama redioni. Spika ya simu au ya redio ndogo haiwezi kutoa mngurumo wa chini sana, kwa hiyo husikii kitu. Lakini mitambo ya kituo inayosawazisha nguvu ya sauti inausikia, inadhani msomaji amepaza sauti, na inamshusha. Lori limepita Mbagala, na neno limemezwa kwenye redio yako.

Wewe unayetutumia ujumbe wa sauti kwa simu una tatizo hilohilo kwa udogo. Kiwambo cha maiki ya simu ni kidogo na chepesi, hivyo hakisumbuliwi sana, ila meza ya mbao ikiguswa inasikika kama ngoma. Ilaze simu juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, maiki yake ya chini ikiwa wazi, mbali na mashine ya kusaga na mbali na meza wanayokulia watoto.