Andy Gray: kipaza sauti kilichomwangusha mchambuzi

Januari 22, 2011, Liverpool iliifuata Wolves kwao katika Ligi Kuu ya England. Mshika kibendera mmoja alikuwa mwanamke, Sian Massey. Mchambuzi wa Sky Sports, Andy Gray, na mtangazaji Richard Keys, wakidhani hawasikiki, walimkejeli kwamba wanawake hawaijui sheria ya kuotea.

Liverpool ilishinda 3-0. Katika bao la kwanza wengi waliona Raul Meireles ameotea kabla ya kumpasia Torres. Marudio yalionyesha Massey alikuwa sahihi.

Maneno yale hayakurushwa hewani, ila yalirekodiwa. Sisi wa studio tunalijua hilo: kutokuwa hewani si sawa na kipaza sauti kuzimwa. Baada ya kuvuja, ikatokea video nyingine ya Gray akimtania vibaya mtangazaji mwenzake wa kike. Januari 25 akafukuzwa, kesho yake Keys akajiuzulu. Baadaye wote wawili walihamia Doha.

Gray hakuwa mgeni hata huku kwetu. Waliocheza FIFA kwenye kompyuta waliijua sauti yake, akiwa na Martin Tyler.

Kiti chake alikipata Gary Neville, aliyestaafu soka mwaka huohuo. Mashabiki wa Liverpool waliguna: mtu aliyechezea Manchester United pekee, tena aliyewashangilia usoni mwaka 2006, angewatendea haki? Alipoanza kuikosoa hata United, minong'ono ikapungua. Mwaka 2013 akaletewa mwenzake: Jamie Carragher, wa Liverpool.