Kifua Kikuu Kisicho Kifuani: Historia ya Ugonjwa wa Pingili na Majina Yake

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza watafsiri wa maandiko ya tiba ni zile za magonjwa ya mifupa na viungo yasiyoonekana kila siku. Katika makala haya tunakusudia kuchukua ugonjwa mmoja tu, yaani kifua kikuu kinachoshika pingili za mgongo, na kueleza jinsi ulivyotambuliwa na kupasuliwa tangu kale hadi sasa. Tumeuchagua kwa sababu kila hatua ya kuutambua iliacha jina, na majina hayo yote yangali yakitumika pamoja, kila moja likivutia upande wake.

Mtafsiri wa Kiswahili anayekutana na ugonjwa huu huwa na maneno manne mbele yake: kibiongo, ugonjwa wa Pott, kifua kikuu cha uti wa mgongo, na tuberkulosi ya pingili. Si kazi ya kupendezesha lugha tu kuchagua moja kati ya hayo. Mzazi huombwa kutia sahihi karatasi ya kukubali mwanawe apasuliwe, na lazima alielewe neno lililoandikwa humo.

Jina la kwanza ni jina la jicho. Watu waliona mgongo uliofanya nundu, wakauita kwa umbo lake. Ushahidi wa kale ni wa Misri. Maiti ya Nesparehan, kuhani wa Amun wa zama za nasaba ya 21, yapata miaka 3,000 iliyopita, ilichunguzwa na kuelezwa mwaka 1910. Ilikutwa na pingili zilizoporomoka pamoja na alama za jipu kubwa lililoshuka kutoka mgongoni. Huko Ugiriki, maandiko yanayohusishwa na Hippocrates yalikwisha kutaja kwamba baadhi ya wenye vibiongo huwa pia na vinundu vigumu mapafuni. Uhusiano wa mgongo na mapafu ulionwa mapema hivyo, lakini sababu yake haikujulikana.

Jina la pili ni jina la mtu. Mwaka 1779 Percivall Pott, mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew mjini London, alichapisha maelezo juu ya kupooza kwa miguu kunakofuatana na kupinda kwa mgongo. Kabla yake wengi walidhani kwamba pingili zimeteguka, wakajaribu kuzirudisha kwa kuzivuta na kuzikandamiza. Pott alionyesha kwamba pingili hazikuteguka, bali zimeoza. Tiba yake ilikuwa kutoboa vidonda pande mbili za nundu ili usaha utoke. Mwaka huo huo Mfaransa Jean-Pierre David naye alieleza ugonjwa huu, lakini jina lililodumu likawa la Pott. Hapa tunapata funzo la kwanza la istilahi: jina la mtu humheshimu mmoja na kumsahau mwingine, na kwa msomaji asiyejua historia halifundishi chochote.

Jina la tatu ni jina la chanzo. Katika miaka ya 1830 daktari Mjerumani Johann Lukas Schönlein alitumia neno tuberkulosi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinundu. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kinacholeta maradhi hayo. Tangu siku hiyo ilifahamika kwamba kijidudu hicho, baada ya kuingia kwa njia ya pumzi, kinaweza kuchukuliwa na damu hadi kwenye mfupa. Kikifika kwenye pingili hula sehemu ya mbele. Sehemu ya nyuma hubaki imesimama, na mgongo hukunjika kwa mbele. Usaha hukusanyika bila joto wala wekundu, ndiyo maana waganga huuita jipu baridi. Usaha huo, au kipande cha mfupa uliokufa, ukibana ugwe wa mgongo, miguu hulegea na kupooza. Takriban nusu ya kifua kikuu chote cha mifupa na viungo hushika mgongo.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, na mganga akaweza kuona pingili iliyolika bila kumpasua mtu. Ugunduzi huo haukuzuia makosa. Mwaka 1896 François Calot, huko Berck nchini Ufaransa, alitangaza njia ya kunyoosha nundu kwa nguvu mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Njia hiyo ilidhuru, ikaachwa. Yeye naye alitibu umbo, kana kwamba jina la jicho lingali likitawala mkono wa mpasuaji.

Mwaka 1911, mjini New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliunga pingili kwa nyuma ili zisizidi kukunjika. Albee alitumia kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe. Dawa zilikuja baadaye: streptomisini iligunduliwa mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Kwa kinga ya dawa hizo, A. R. Hodgson na F. E. Stock wa Hong Kong walieleza mwaka 1956 upasuaji wa kupitia mbele, kwa njia ya kifua: kuondoa usaha na mfupa uliokufa, kisha kujaza pengo kwa kipandikizi cha ubavu.

Je, kila mgonjwa alihitaji kupasuliwa? Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifanya majaribio Korea, Hong Kong na Rhodesia kuanzia miaka ya 1960. Huko Masan ilionekana kwamba kulazwa kitandani miezi sita hakukuongeza faida kwa aliyekuwa akimeza dawa. Huko Pusan, koti la plasta halikuongeza faida vilevile. Huko Hong Kong upasuaji mkubwa uliwahisha pingili kuungana na kupunguza kupinda. Kutokana na mambo hayo ulizaliwa msimamo wa kati, uliotetewa na S. M. Tuli wa India mwaka 1975: dawa kwa wote, kisu kwa wale ambao miguu yao inazidi kulegea, jipu halipungui au mgongo unazidi kukunjika.

Sasa turudi kwenye Kiswahili. Historia hii inatuonyesha ubaya wa kila neno.

(a) Kibiongo ni jina la matokeo. Anayengoja kibiongo kionekane ndipo aseme mtoto anaumwa, amekwisha kuchelewa. Isitoshe, neno hilo humtaja mtu mwenyewe, si ugonjwa wake.

(b) Ugonjwa wa Pott unaweza kubaki katika vitabu vya wanafunzi wa tiba, lakini usiwe neno la karatasi apewayo mwananchi.

(c) Kifua kikuu cha uti wa mgongo kina mitego miwili. Mzazi aambiwaye kwamba mwanawe ana kifua kikuu hutazama kifua. Asipomsikia akikohoa, hudhani mganga amekosea na huenda akaziacha dawa. Tena, uti wa mgongo umezoeleka katika jina homa ya uti wa mgongo, ambayo ni maradhi mengine ya ghafla. Maneno haya mawili yakikutana, msikilizaji hupata magonjwa mawili asiyoyaugua na kukosa lile aliloliuguza.

(d) Tuberkulosi ya pingili ni sahihi kitaalamu, ila sehemu yake ya kwanza ni ngeni kwa wengi.

Hatudhani kwamba kifua kikuu kinaweza kuondolewa. Kimekwisha kukaa katika lugha, na Tanzania ina Mpango wa Taifa wa kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma tangu 1977. Tunapendekeza kibaki kwa ugonjwa wa mapafu, na kwa viungo vingine litumike neno ambalo wananchi wenyewe wamekwisha kulikubali, yaani TB: TB ya pingili, TB ya nyonga, TB ya goti. Tuberkulosi itumike katika vitabu vya juu. Kwa upasuaji, tusitafute mbali. Waswahili wamekuwa wakisema kuunga mfupa tangu zamani. Kwa hiyo kuunga pingili, na kipandikizi cha mfupa, yatatosha.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya uuguzi na watafsiri wayajaribu maneno haya mbele ya wagonjwa kabla ya kuyapitisha mbele ya wataalamu. Maumivu ya mgongo yasiyokwisha kwa majuma mengi, yakiandamana na homa za jioni na kukonda, yanatibika kwa dawa kabla nundu haijatokea. Neno litakalomfikisha mtu hospitalini wakati huo ndilo istilahi bora.