Spektroskopia ya Mitetemo: Uso na Mpakano katika Uzi wa Pamba

Spektroskopia ya mitetemo ni mbinu ya kuitambua maada kwa kupima jinsi vifungo vya atomu zake vinavyotetema vinapopokea mwanga, hasa ule wa infraredi usioonekana kwa jicho. Kila aina ya kifungo, kwa mfano kile cha kaboni na hidrojeni, hutetema kwa masafa yake, nayo hutajwa kwa namba-wimbi, yaani idadi ya mawimbi yanayoenea katika sentimita moja. Istilahi hiyo haina utata. Utata huanza polima, yaani maada yenye molekuli ndefu za vipande vinavyojirudia, inapochunguzwa pale tu inapogusana na kitu kingine: eneo hilo liitweje? Kiolesura, neno lililokwisha kuzoeleka katika kompyuta, hudokeza mtumiaji na mashine. Mpakano, kutokana na kitenzi kupakana, unafaa zaidi, na uso basi ni mpakano wa polima na hewa.

Lakini uso huo una unene gani? Mfano wa karibu ni pamba inayosokotwa na kufumwa Rivatex, kiwanda cha Eldoret kilichoanzishwa mwaka 1976 na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Unyuzi wa pamba kwa sehemu kubwa ni selulosi, ambayo ni polima, ila umefunikwa kwa tabaka jembamba la nta linalozuia maji na rangi kupenya, ndiyo maana pamba huchemshwa katika myeyusho wa sodiamu hidroksidi kabla ya kutiwa rangi. Nta hiyo hujitambulisha kwa vilele viwili, karibu na namba-wimbi 2918 na 2850, ambavyo hufifia inapoondolewa.

Kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha uakisi kamili: mwanga huingizwa katika fuwele ya almasi au jemaniamu iliyogandamizwa juu ya sampuli, ukaakisiwa ndani ya fuwele, huku sehemu yake ndogo ikichungulia upande wa pili. Kwa almasi kina chake hukaribia mikromita 2 kwenye namba-wimbi 1000, na hupungua namba-wimbi inapoongezeka. Kwa jemaniamu ni takriban theluthi ya hapo. Tabaka la nta halifiki hata mikromita 1, kwa hiyo kinachoitwa uso katika ripoti nyingi ni nta pamoja na selulosi iliyo chini yake, jambo ambalo mwandishi makini hulitaja.

Mwaka 1987 kundi la Y. R. Shen, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilionyesha njia ya kina kifupi zaidi, ambamo miale miwili ya leza, mmoja wa infraredi na mwingine wa mwanga unaoonekana, hukutana na kuzaa mwale wa tatu wenye masafa yaliyo jumla ya yale mawili. Mwale huo hautokei ndani ya maada ambayo mpangilio wake ukipinduliwa kupitia kitovu hubaki vilevile, hivyo katika plastiki nyingi husomwa molekuli za mpakanoni peke yake. Pamba, kwa bahati mbaya, haimo katika kundi hilo: fuwele za selulosi hazina ulinganifu huo, nazo hutoa ishara kutoka ndani kabisa ya unyuzi. Anayetaka nta pekee hana budi kurudi kwenye jemaniamu, apime pamba ghafi na iliyochemshwa, kisha aondoe spektra ya pili katika ya kwanza.